Kiasi cha Gundi

Bi Maureen ameileta injini kwa toroli la bustani,
imefunikwa taulo la kuogea kama mtoto wa homa.
Ya Clifford, anasema. Ilimzimikia njia ya Skipton
miaka tisa iliyopita, akaisukuma hadi kwa mtu mwenye lori,
akasema ataitazama Jumapili.
Jumapili zimekwisha.

Keighley, Februari. Mvua ya Yorkshire inakuja kwa mshazari.
Kibanda changu kina hita moja ya mafuta ya taa
na benchi niliyoitengeneza kwa mlango wa kanisa lililouzwa.

Nalegeza boliti, moja huku, moja kule.
Kesi mbili hazitaki kuachana.
Nyundo ya mpira, tena, upande huu, upande ule.
Bisibisi, hapana. Bisibisi ikipenya hapo
inaacha kovu ambalo hakuna gundi italisamehe.

Wasiojua hudhani kesi ni sanduku la kubebea krenki.
Kwenye tustroki, kesi ni kifua.
Pistoni ikipanda, kinavuta; ikishuka, kinasukuma.
Pakipatikana upenyo mwembamba kama unywele
injini huvuta hewa ya wizi,
mchanganyiko hukonda, joto hupanda,
na pistoni hutoboka katikati
kama chapati iliyosahauliwa jikoni.

Tak. Zimeachana. Ndani, kumbe:
silikoni nyekundu, ile ya mabomba ya sinki,
imefura kwa petroli, laini kama ufizi,
imebubujika nje ya kiungo chake,
na uzi mmoja umetambaa hadi kwenye kitundu
kinachopeleka mafuta kwa beringi.
Beringi imekufa kwa kiu mlangoni pa kisima.

Na ukingoni, mahali petroli haikufika,
alama ya dole gumba. Mistari yote ipo.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, sawa.
Methali haikutaja kiasi.

Nina tubu mbili mezani.
Moja hugandia gizani, pasipo hewa,
lakini inataka nyuso zilizonyooka kama kioo,
na hizi zina mikwaruzo ya mtu aliyewahi kuharakisha.
Nyingine ni ya kijivu. Haikauki ikawa jiwe,
inabaki na unyumbufu kidogo, kama ngozi,
na petroli huipita bila kuijulia hali.
Msamvu, nilikojifunzia kazi, tulikuwa na ya tatu:
sabuni ya mche, na gasketi ya boksi la sigara.
Pikipiki zilifika Mvomero zikarudi. Siicheki.
Lakini pale mteja akikwama alirudi kwa miguu, akanitukana, yakaisha.
Huyu harudi.
Nachukua ya kijivu.

Nakwangua kwa kipande cha plastiki, nafuta kwa thina.
Lile dole gumba naliacha la mwisho.

Bi Maureen anaingia na chai, vikombe viwili, mwavuli kwapani.
“Nini kiliiua?”
Nina majibu tayari, ya adabu: uchakavu, bahati mbaya.
Yeye ameshaona wekundu kwenye taulo.
“Ndivyo alivyokuwa,” anasema.
“Siagi kwenye mkate. Saruji kwenye ule ukuta wa nyuma.
Kidogo, kwake, ilikuwa uchoyo.”
Anacheka, kisha kicheko kinamkatikia katikati
na anauliza kama sukari inatosha.

Napaka kwa ncha ya kidole, utando tu,
alumini ionekane chini yake kama mwezi nyuma ya wingu.
Nangoja dakika kumi. Nabana kuanzia katikati kwenda nje.
Usiku kesi zinalala jikoni kwangu, kando ya boila,
maana kwa baridi ya kibandani gundi hii haishiki,
na mke wangu anauliza mgeni huyu anakula nini.

Alfajiri naziba matundu yote, napampu, nawasha saa.
Nimepaka povu la sabuni kwenye kiungo; hakuna kipovu.
Dakika sita. Sindano ya geji haijashuka.
Ndipo nagundua hata mimi nilikuwa nimeibana pumzi.

Kwenye kopo la nati kuna kipande chekundu,
nimekikata kwa wembe, taratibu, kisichanike.
Hakizibi chochote.
Sijamwambia bado.