Mkono wa Koti

Shafti ya nyuma haitaki kulala.
Baba ameshusha wenzo, amekata nguvu,
nayo bado inajizungusha polepole
kama mgeni aliyeagwa akabaki mlangoni na hadithi moja zaidi.

"Breki yake imelegea," anasema Zenonas, baba yangu,
amekalia ndoo iliyopinduliwa.
Macho yake siku hizi ni ukungu wa mto Šventoji,
masikio bado ya kijana.
"Zima injini. Ufunguo mfukoni.
Si juu ya kiti, Vaiva. Mfukoni."

Nautia mfukoni.
Nyasi zimelala shambani tangu juzi, zimekauka upande mmoja,
redio imetaja mvua ya Alhamisi,
na mashine ya kufunga marobota inangoja nyuma ya trekta
imefumba mdomo.

Kifuniko kidogo, bolti mbili, kutu ya miaka.
Spana ya kumi na tatu inateleza, inanichuna kidole;
damu ikichanganyika na grisi inakuwa chai ya jana.
Naufunga wenzo katikati kwa bolti, usiende huku wala kule,
ndipo nazifikia skrubu mbili zinazokaza mikanda.
"Kaza mpaka zikatae."
Zimekataa.
"Sasa rudisha nyuma. Mizunguko miwili na nusu."
Nusu ya nini?
Baba anafikiri. Juu ya nguzo ya umeme
korongo anagonganisha mdomo wake, ka-ka-ka-ka.
"Kitabu kilisema miwili. Trekta ilisema mitatu.
Tukapatana."

Mwaka ule nilikuwa na miaka tisa.
Aliiruka shafti badala ya kuizunguka,
hatua moja ya kuokoa hatua kumi,
na plastiki ya kuifunika ilikuwa imepasuka tangu Pasaka.
Mizunguko mia tano na arobaini kwa dakika:
piga hesabu, ni tisa kwa sekunde,
hujamaliza kutamka "Yesu" imeshakuvua.
Ilianza na pindo, ikapanda mgongoni.
Mama alitoka na ndoo ya maziwa, akamkuta amesimama
amevaa chupi na kola,
kola tu, imefungwa kifungo shingoni,
mzima.

Koti lilikuwa kuukuu. Kipupwe chote aliomba jipya,
na mama, Genovaitė, akasema watoto kwanza, viatu.
Uzi uliooza ukakatika kabla ya mfupa.
Lingekuwa lile la dukani, zito, la mshono mara mbili…
sentensi hiyo nyumbani kwetu haijawahi kumaliziwa.

Jirani yetu Bronius alikuwa na koti zuri.

Basi nasafisha joini za msalaba, napiga grisi
mpaka ile ya zamani, nyeusi, itoke pembeni na mpya ichungulie.
Nachomoa mabomba mawili ya shafti, moja ndani ya mwenzake,
nayapaka, nayarudisha. Lazima yateleze
trekta ikikata kona, la sivyo kitu kitavunjika
na hakitavunjika kwa adabu.
Ala mpya, ya manjano mno kwa ua wetu,
nimeinunua kwa mshahara wangu wa Kaunas.
Vinyororo vyake navifunga, huku kwenye trekta, kule kwenye mashine,
shafti ikizunguka yenyewe itulie.
Baba anaipapasa yote, toka mwanzo hadi mwisho,
kama anayepapasa shingo ya ndama aliyezaliwa usiku.

"Washa."
Naipa nguvu. Sauti moja, haina kikohozi.
Nashusha wenzo.
Imesimama.
Baba alikuwa akihesabu juu ya goti;
vidole viwili vimebaki vimenyooka.

Mama anatoka. Hajasemezana na trekta tangu mwaka ule.
Ananirushia tambara nifute mikono:
kijivu, zito kwa grisi ya miaka ishirini na minane,
refu, lenye tundu la kupitisha mkono.
Nimelifuta nusu yake kabla kitu kigumu hakijanikwaruza.
Kifungo.
Kimeshonwa kwa uzi mpya.