Sampuli ya Kumi na Saba

Visima ishirini na vitatu, kutoka Langoni hadi nyuma ya michanga ya Shela,
na kila chupa niliiandikia namba kwa wino usiofutika,
ambao ulifutika, nikaandika tena.

Jioni, kidato cha pili wakishatoka
na jasho lao limebaki kwenye viti,
maabara ya shule huwa yangu.
Bureti moja nzima. Ya pili ina ufa.
Nafungulia tone. Nangoja. Tone.
Maji ya manjano hugeuka mtindi,
na yakikaribia kusema kweli
huingia wekundu wa tofali, kidogo tu,
kama mtu aliyetajwa jina mbele za watu.
Hapo nafunga. Hapo nasoma.
Tone moja likizidi, naanza upya.

Nitrati ya fedha haina adabu kwa ngozi.
Harusini, Tundani, walinishika vidole:
"Piko hili amekupaka nani, hasidi yako?"
Nikasema ni shahada ya uzamili.
Bi Mwanajaa alicheka hadi leso ikamvuka.
Mama hakucheka. Aliuliza
mbona hiyo fedha inaingia kwenye chumvi kila siku
na nyumbani haijui njia.

Miligramu mia tisa. Elfu moja na mia mbili. Mia saba na sitini.
Ndivyo tulivyo; ndiyo maana sabuni yetu haitoi povu
na maziwa hukatika chaini.
Ya kumi na saba ikasoma kumi na nne.
Nikarudia: kumi na nne.
Nikasuuza vyombo kwa maji yaliyokenekwa, nikarudia.
Nikakaa sakafuni.

Wiki tatu sikulala vizuri.
Nilichora ziwa la maji matamu chini ya mchanga,
nikalipa kina, nikalipa umri,
nikalipa jina (silitaji; lilikuwa langu).
Kurasa kumi na moja.
"Huenda" niliitumia mara arobaini,
kisha nikaanza kuzifuta huenda zangu moja moja
kama anayeng'oa mvi.

Daktari Nyevu, simuni kutoka Kilifi, alikohoa.
Msimamizi akikohoa, sura nzima ya tasnifu huugua.
"Rudi kisimani," akasema. "Chota mwenyewe."

Nilichota mwenyewe. Kamba ikanichuna kiganja.
Mia nane na themanini.

Ndipo nikaitoa ile chupa kabatini, nikaitazama
kwa mara ya kwanza, naona, badala ya kuisoma.
Saba yake ilikuwa na mkia tumboni.
Saba zangu hazina mkia.

Shebwana nilimkuta akimsugua punda mgongo.
Miaka kumi na miwili, shilingi hamsini kwa safari.
Sikuuliza kitu. Niliinyanyua tu chupa.
"Ile yako ilivundika, mwalimu," akasema, akimwambia punda.
"Nikatwaa tupu mkobani, nikaandika mimi.
Kisima kishakuwa mbali. Nikaitia ya birika la msikiti."
Kisha, taratibu: "Ya mvua. Ndiyo mazuri kuliko yote."

Usiku ule niliandika, kwa lugha inayotakiwa:
*Sampuli ya 17 haikujumuishwa kutokana na kosa la ukusanyaji.*
Sentensi safi. Haina punda.
Haina mtoto aliyesimama juani na vigae mkononi,
akageuka huku, akageuka kule,
akawaza la kuniletea,
akachagua tamu.

Ziwa langu nimelitia bahasha.
Visima ishirini na viwili vimebaki, pamoja na kimoja nilichokirudia,
na mstari kwenye jedwali unapanda kama ulivyotarajiwa,
chumvi juu ya chumvi, mwaka hadi mwaka.
Daktari Nyevu amefurahi.

Shebwana nilimlipa mia.
Akazigeuza noti mbili za hamsini, akazikunja,
akanitazama vidole:
"Na hiyo, mwalimu, hutakata?"
Hutakata, nikamwambia. Ngozi ikibanduka.