Kwa Atakayefuata Kukiazima

Basi la maktaba husimama Alhamisi, saa tisa na robo,
mbele ya duka la Rautio lililofungwa.
Theluji ikifika kwenye vitasa, husimama vilevile.
Naliendesha mimi. Najua nani anataka mapishi,
nani anataka mapenzi, na nani, akishapangusa buti,
ataelekea moja kwa moja rafu ya nyuma, kando ya hita,
palipo vita.

Pale hawasemezani. Huandikiana.
Sijui nani alianza: kikaratasi ndani ya jalada,
penseli ya maktaba, fupi kama kidole gumba.
*Kizuri. Ramani zake mbovu.*
*Ruka sura ya tatu, majenerali wanasifiana.*
*Mwandishi huyu hajapata kulala nje hata usiku mmoja.*
Na chini yake, mwandiko mwingine:
*Wewe je?*

Makao makuu Joensuu wameniagiza nivitoe vikaratasi.
Navitoa. Navitia kwenye boksi la viatu.
Jumatano usiku navirudisha.

Ensio Tiainen wa kiwanda cha mbao ni mtu wa mishale:
mwekundu huku, wa buluu kule,
kikosi cha ngapi, kilima namba ngapi, saa ngapi za alfajiri.
Akikipenda kitabu hupiga mstari mara tatu
hadi karatasi itoboke.
Mara tisa amependekeza kitabu kilekile,
mji uliozingirwa, kurasa mia nane,
na mara tisa kimerudi na tiketi ya basi
imekwama ukurasa wa arobaini.

Majira ya baridi ya themanini na nne akaandika:
*Nani ana kitabu cha kweli juu ya vita vyetu?
Si riwaya. Si machozi. Nataka ilivyokuwa.*
Wakamjibu. Mmoja mizinga, mmoja wanaskii,
mmoja kumbukumbu za kanali (*anajipenda, lakini anakumbuka*).
Mwisho kabisa, kwa wino, herufi zimesimama wima
kama watoto wa shule siku ya picha:
*Rafu ya ufugaji. Ya chini. Jalada la kijani.*

Alidhani ni mzaha. Akacheka peke yake.
Akakichukua hata hivyo,
maana mtu wa vitabu hawezi kuacha mlango bila kuusukuma.

Ilikuwa daftari ya daktari wa mifugo, imepigwa chapa na parokia.
Farasi waliochukuliwa mashambani kupelekwa mstari wa mbele:
jina, rangi, umri, nyumba alikotoka,
tarehe ya kuondoka, tarehe ya kurudi.
Fahali wakipigana ziumiazo ni nyasi, ndivyo isemwavyo.
Farasi hawakutajwa.
Humu wametajwa, kurasa mia na sita,
na safu ya mwisho, badala ya tarehe,
vistari, vistari, vistari,
kama uzio uliozama ukabaki ncha.

Ensio, ambaye hukimaliza kitabu kwa wiki,
alikaa nacho wiki tano. Nilimwandikia faini. Akalipa.
Akanifungulia ukurasa, kidole chake kikavu cha vumbi la mbao:
*Virkku. Jike. Mwekundu. Miaka sita. Nyumba ya Kärnä.* Kistari.
Na pembeni, wino uleule, herufi zilezile wima:
*Aliogopa maji.*

Kikaratasi alichoacha hakina mstari hata mmoja chini yake.
*Hakina ramani,* ameandika. *Someni polepole.*

Alhamisi iliyofuata Impi Kärnä alipanda,
kitambaa cha sufu, mfuko wa nyavu,
akarudisha kitabu cha mikate, akatafuta kingine cha mikate.
Ensio alisimama karibu na hita. Kofia mkononi.
Miaka yote ile sikuwahi kuwasikia wakisalimiana.

"Hayo maji," akasema, "yalikuwa na kina gani?"

Impi aliendelea kupekua, ukurasa, ukurasa.
"Magotini," akasema. "Kijito tu cha nyuma ya sauna.
Ilibidi nitangulie mimi, nimwonyeshe."

Nikawasha injini, nikaizima tena.
Kituo kinachofuata kingesubiri.

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Saba."