Matone ya Bombo

Miaka kumi na mmoja nahesabu sadaka
katika chumba kile cha nyuma, dirisha linatazama Chumbageni,
feni inavuma bila kupoza,
na vidole vyangu vinajua noti kuliko nyuso.

Nisikufiche: watu niliwajua kwa namba za bahasha.
Themanini na tatu, elfu ishirini, mpya, haina kunyanzi.
Arobaini, ahadi nono mwezi wa kwanza, kisha kimya mpaka Pasaka.
Mia mbili kumi na nne:
mia tano, sarafu,
kila Jumapili mia tano,
imefungwa kwa kipande cha karatasi ya daftari
kama kidonge cha mtoto.

Nilikuwa naifungua, karatasi naitupa kapuni,
sarafu inalia mezani, nami naguna.
Siku moja nikamwambia Ezekia, katibu,
"Huyu naye, si bora angenunulia chumvi?"
Tukacheka.
Mungu alikuwemo chumbani, akanyamaza.

Juni macho yakaanza kugoma.
Tatu ikawa nane, nane ikawa ukungu.
Nikaenda Bombo, nikapanga foleni,
muuguzi akanitia matone, jicho hili, na hili.
"Mama, usiondoke peke yako, mwanga utakuumiza."
Nikamjibu kwa kiburi cha mwenyeji:
"Nimezaliwa Tanga hii, nitapotelea wapi?"

Nje, jua la saa saba likanizaba kofi.
Barabara ikayeyuka kama mafuta ya nazi.
Nikamkumbuka yule kipofu wa Bethsaida,
alivyoguswa mara ya kwanza akaona watu
kama miti, miti yenye miguu.
Nami ndivyo: mti umevaa kanga, mti umevaa kanzu,
mti juu ya baiskeli unanipigia kengele.
Nikasimama ukingoni
kama mzigo ulioshushwa ukasahauliwa.

Ndipo mkono.
Haukuuliza. Ulinishika kiwiko,
ukateremka mpaka kiganjani,
mkavu, una magamba, una mikato.
Mkono wa mkonge, nikajua,
mkono ulioanika singa tangu usichana.
"Twende, mama mhazini. Kwako si Barabara ya Kumi na Nne?"

Tukaenda. Na njia nzima alikuwa ananisomea miti.
"Huyu anayetusalimu ni Bi Mwanahamisi wa vitumbua,
mjukuu wake hajaongea tangu azaliwe.
Yule ni Shabani, fundi baiskeli,
mama yake amepooza, anamwogesha mwenyewe.
Na huyu mlevi, mpishe tu, mama,
huyu alikuwa mwalimu wangu wa hesabu."
Akasimama, akamwamkia yule mlevi shikamoo,
kwa kupiga goti. Nililisikia goti.

"Wote hawa umewajulia wapi?"
"Nauli sina. Natembea.
Na mtembea kwa miguu atapitaje bila kusalimu?"

Mlangoni nikampa maji, akanywa yote.
"Nikuite nani, mwanangu?"
Akacheka kidogo, si kwa ubaya.
"Namba yangu unaijua. Mia mbili kumi na nne.
Jina ni Yunisi. Yunisi Shemweta."
Akanirudishia bilauri, akaenda zake.
Mimi nilibaki nimeishika, tupu, muda mrefu.

Jumapili nilikuwa na miwani mpya.
Nikaifungua bahasha yake ya mwisho kabisa.
Sarafu haikulia; niliilaza.
Karatasi nikainyoosha kwa kiganja,
na kumbe ina maandishi, penseli, herufi ndogo:

*Shabani, mama.*
*Mwanahamisi, mjukuu aseme.*
*Mwalimu, pombe.*
*Mhazini, macho.*

Kapu lile la taka
nimelimwaga mara ngapi, miaka kumi na mmoja?

Ezekia akainua kichwa kwenye daftari lake.
"Vipi, mama, macho bado?"
"Bado," nikasema.
"Nangoja niguswe mara ya pili."