Milima Hukutana

Wahenga walisema milima haikutani.
Hawakufanya kazi Kutaisi, ghorofa ya tatu,
ambako kila asubuhi, kabla chai haijapoa,
mimi Lamzira huvaa miwani mizito
na kuukutanisha mlima na nafsi yake.

Picha ya kushoto kwa jicho la kushoto,
ya kulia kwa la kulia.
Mwanzo ni ukungu na kichwa kuuma:
mito miwili, makanisa mawili, kila mti na pacha wake.
Programu inavuta, inasukuma,
na ghafla (huu mwaka wa kumi na moja, sijazoea)
bonde linazama mezani,
kilele kinanijia puani.

Siri yake ni ugomvi.
Macho yasipopatana kitu kiko wapi,
programu hupima kutopatana kwao
na kukuita kimo.
Badri wa dawati la pili, aliyeachana na mkewe majuzi,
husema basi nyumba yake ingeipita Kazbegi.

Wiki hii ni bonde la Lashurani.
Wizara ya barabara inataka kujua
ni udongo kiasi gani ulioshuka usiku ule theluji ilipoyeyuka.
Hesabu ni ya kutoa tu:
ardhi ya leo, toa ardhi ya mwaka hamsini na nane,
kinachobaki ni tope.

Programu hupanda nukta kwa mistari, kama mahindi,
moja kila mita mbili.
Ina bidii, haina akili.
Huziacha juu ya mijozi, juu ya mapaa,
ikidhani kila kinachoonekana ni ardhi.
Nami huzishusha, moja moja,
hadi ziguse udongo
kama mama agusavyo paji la mtoto mwenye homa.

Jumatano nikakuta nukta inaning'inia hewani,
mita kumi na moja juu ya shamba la nyasi.
Hapana mti. Hapana paa.
Nikasogeza karibu, hadi chembe za filamu:
sleji ya nyasi kavu, ng'ombe wawili,
na mbele yao kitu chembamba kama ukope.
Mtu.

Badri hata hakugeuka.
“Kinachotembea hakikutani.
Picha na picha, sekunde kumi na nne.
Ndege inakwenda mashariki, yeye magharibi.
Angefuatana nayo, angezama ardhini.
Kaenda kinyume, ndiyo maana anaelea.
Futa.”

Lashurani ndiko alikozaliwa mama. Nikampigia.
“Babu yako? Mwanangu, nani hakuwa na ng'ombe wawili?
Ila ndege ilipopita, wote tulisimama kuitazama.”
Kisha akauliza kama nimekula.

Huyu hakusimama.
Labda mvua ilikuwa inanukia.
Labda alikuwa kiziwi.
Serikali inapita juu kupiga picha,
yeye ana nyasi za kuwahisha.

Nikafungua picha za mwaka huu.
Tope limekauka, limeota magugu,
na uso wake uko mita kumi na nusu
juu ya shamba lile la zamani.
Nusu mita chini ya kwato za wale ng'ombe.
Nililitazama jedwali kwa muda mrefu.
Nusu mita, kwa filamu kuukuu namna ile,
ni kosa linaloruhusiwa.

Sikubonyeza kufuta.
Nilimshusha kwa kipanya, sentimita kwa sentimita,
mita zote kumi na moja,
hadi nukta ikatulia kwenye majani.
Namba lazima ziwe safi,
kuna watu watajenga daraja juu yake.

Kisha nikavua miwani.
Bonde likarudi kuwa karatasi mbili,
mlima ukaachana na nafsi yake,
na yeye akawa wawili,
mmoja kushoto, mmoja kulia,
na mita saba za kutembea baina yao.