Desibeli Tatu

Niliinunua kwa Ireneusz, kwenye gulio la Jumapili,
kwa bei ya mikate saba na pakiti ya sigara:
amplifaya ya mwaka niliozaliwa,
uso wa alumini, kifundo kimoja kimepotea,
na harufu ya kabati la marehemu.
"Wati kumi na tano kila upande," akasema.
"Usiidai zaidi. Punda ni huyo, mzigo ni huo."

Mama yangu Leokadia alifuma nguo miaka thelathini na mmoja
katika kiwanda cha matofali mekundu hapa Łódź,
mji ulioitwa Mashua
na hauna mto wa kumlowesha bata tumbo.
Mitambo mia mbili katika ukumbi mmoja.
Wanawake walisomana midomo, wakasengenyana kwa midomo,
na mashine zilipomaliza pamba
zikala masikio.

Siku hizi pale aliposimama wanauza viatu.
Yeye bado anazipangusa santuri zake,
anateremsha sindano, anakaa.
"Ongeza," anasema.
Nimefika mwisho, Mama.
"Ongeza."

Nikafungua kifuniko. Skrubu nne,
ya tano imeliwa na kutu, nikaing'oa kwa matusi.
Ndani, vumbi la serikali mbili,
transfoma kama ngumi ya mtoto,
kapasita zimeumuka vichwa kama maandazi.
Nikapiga hesabu nyuma ya bili ya gesi:
volti ikipanda, wati hupanda kwa mraba wake;
joto nalo, ambalo halikualikwa,
huja na mkeka wake.

Basi transfoma nene zaidi, kutoka mtambo wa eksirei uliotupwa.
Kapasita mpya. Transista mpya, pana mabega.
Bati la kupoozea nililikata kwa msumeno bafuni,
usiku, kwa kuwa kelele ndani ya nyumba hii
hazimwamshi mtu.

Mara ya kwanza nilisahau kipande cha mika,
kile cha wembamba wa ganda la kitunguu
kinachokaa kati ya transista na bati.
Pafu! Moshi.
Mama akatokea mlangoni na kijiko mkononi:
"Nini kinaungua?"
Pua yake haijastaafu.

Mara ya pili nikaipitishia umeme kwenye balbu ya wati sitini.
Ikiwaka ikabaki kuwaka, umeua.
Ikiwaka ikafifia, umezaa.
Iliwaka.
Nikahesabu moja, mbili,
ikafifia polepole kama mtu aliyesamehe.

Wati thelathini.
Maradufu kamili, na Ireneusz, aliyekuja kunywa chai,
akacheka hadi akakohoa:
"Unajua maradufu ni nini kwa sikio?
Desibeli tatu. Kidato kimoja cha ngazi.
Wiki sita, vidole vimeungua, kwa kidato kimoja!"
Nilijua. Nilikuwa nimeiandika kwenye bili ileile,
pembeni, kwa herufi ndogo.

Mama aliketi. Sindano ikashuka.
Nikamtazama uso kama mtu anayesoma mita.
Hakuna.
Kisha akavua ndara,
akavua na soksi,
akasimama katikati ya sakafu ya mbao,
kama alivyosimama ukumbini
alipojua kwa nyayo mtambo upi umekata uzi.

"Wa kushoto unachechemea," akasema.

Ireneusz akaweka kikombe chini.
Nikapima: kweli, lehemu moja upande wa kushoto
ilishika kwa adabu tu, haikushika kwa nguvu.
Nikawasha pasi ya kulehemu, mkono ukitetemeka,
nikamrudishia upande wake.

Besi ikashuka ndani ya mbao, ikatafuta miguu,
na yeye, macho yamefumbwa, akawa anapanda kidato kile kimoja
bila haraka.

Ndipo Bi Halszka wa ghorofa ya chini
akaanza kugonga dari lake kwa mpini wa ufagio.
Mama akafumbua jicho moja.
"Na huyo nani?" akauliza.
"Hafuati mdundo."