Maji ya Kunyolea

Mpunguzi, Oktoba. Bomba la kijiji lilikohoa Jumanne,
likatema kutu, likanyamaza.
Dumu moja sasa ni shilingi mia tano
na punda wa Chilewa ameanza kuringa:
anasimama langoni kama afisa,
masikio yamelegea, salamu hataki.

Nanunua madumu manne. Nahesabu.
Moja la kunywa na kupikia.
Moja la vyombo.
Moja la watu wawili kuoga, tena kwa kopo,
si kujimwagia kama walioko mjini.
La nne ni la bustani, na bustani haijui hesabu:
matuta mawili ya mchicha, tuta la figiri,
bamia zilizonyoosha vidole kama watoto wanaoomba ruhusa darasani,
mpapai dume ambao kila mwaka naapa kuukata,
mizabibu sita ukutani, imepogolewa juzi,
bado inadondosha machozi penye kidonda.

Na ule mwaridi.
Mwaridi wa Yaledi.
Aliuleta kutoka Kongwa ndani ya kopo la rangi
siku aliyokabidhi funguo za stoo akastaafu.
"Unaliwa?" nikamuuliza.
"Hauliwi."
"Basi unatibu nini?"
Akacheka, akachukua jembe.

Kwangu maji yana ngazi, na hayaruki daraja.
Yaliyoosha mchele yataosha mboga,
yaliyoosha mboga yatasuuza sufuria,
ya sufuria, yakiwa hayana sabuni, hushukia bamia.
Maji ya miguu ni ya mpapai.
Mwaridi haumo kwenye ngazi hiyo.
Nilisema mwezi wa sita.
Nikasema tena wa nane, kwa sauti.

Saa saba mchana jua hukaa juu ya bati
kama mgeni aliyesahau kwao.
Kuku wanahema midomo wazi chini ya mkokoteni.
Kisulisuli kinakatiza uwanja, kinabeba mabua,
manyoya, na usingizi wangu wa mkekani.
Sechelela wa jirani anakuja kuomba chumvi,
anaketi, anasahau chumvi,
tunachambua mlenda mkavu hadi kivuli kinahamia upande wa pili wa nyumba.
"Mama, ua lenu limechanua," anasema.
Nageuka. Kweli. Jekundu, bila haya,
katikati ya vumbi lote hili.
Nikajisemea: labda una mizizi mirefu.

Mizizi! Alfajiri moja nikaamka kabla ya jogoo
na kupitia dirishani nikamwona mume wangu,
taulo kiunoni, povu bado kwenye shavu moja,
amebeba bakuli kwa mikono miwili
kama anayepeleka uji kwa mgonjwa.
Akainama, goti lake likalia.
Akamimina polepole, akiuzunguka.
Kumbe ndiyo sababu mtu huyu hunyoa kila siku,
hana ofisi, hana kikao,
na ndevu zenyewe chache kama mvua ya Novemba.

Nikarudi kitandani, nikajikoromesha.

Leo amekwenda mjini, kliniki ya macho,
atalala Nkuhungu kwa dada yake.
Wembe umekauka juu ya kioo.
Jioni upepo ukapoa, nikashuka ngazi yangu ya maji
daraja kwa daraja: mchicha, figiri, bamia,
hata mpapai, mvivu yule.
Likabaki kopo moja, langu, la kunawa uso.
Nikatazama barabarani. Hapakuwa na mtu,
ila punda wa Chilewa akirudi mtupu,
na punda hasemi.

Uso utangoja.
Kesho atagusa udongo, namjua,
atauliza mbona umelowa.
Nitamwambia ni umande.
Umande! Dodoma, Oktoba!
Ataniangalia kwa macho yake mapya,
naye, kama mimi alfajiri ile,
atakoroma.